Melbourne Star: je, mbio zilitosha kuwa kinga?

Aprili 2, 1943, nyambizi ya Kijerumani U-129 iliipiga topido meli ya Uingereza Melbourne Star, kusini-mashariki mwa Bermuda. Ilikuwa safarini peke yake, ikitoka Liverpool kwenda Australia kupitia Panama. Katika watu 117 waliokuwemo, walipona 4.

Kwa nini iliachwa iende peke yake? Hii ilikuwa meli ya majokofu, ya kubeba nyama iliyogandishwa, na meli za aina hiyo zilikuwa na mbio. Wakuu wa jeshi la majini waliamua kwamba meli inayoweza kwenda maili 15 za baharini kwa saa au zaidi haina haja ya msafara, yaani kundi la meli zinazokwenda pamoja zikilindwa na manowari. Hoja yao ina uzito. Nyambizi za wakati huo zikiwa chini ya maji zilitambaa tu. Kuipata meli ya mbio, ilibidi nyambizi iwe imetangulia mbele yake. Msafara nao hufuata mwendo wa meli iliyo goigoi kuliko zote, na kila siku ya kungojana bandarini ni nyama inayochelewa kwa watu wanaokula kwa mgawo. Tena walishaonja makosa: mwishoni mwa 1940 waliteremsha kiwango hadi maili 13, meli za peke yake zikazamishwa kwa wingi, wakakirudisha 15 katikati ya 1941.

Na msafara si ngome. Agosti 1942 Melbourne Star hiyo hiyo ilikwenda Malta, kisiwa cha Bahari ya Kati, katika msafara ulioitwa Operesheni Pedestal, meli 14 za mizigo zikilindwa na manowari nyingi. Zilizofika ni 5. Mojawapo, Brisbane Star, ilifika ikiwa na omo (sehemu ya mbele) iliyochanika, baada ya kujitenga na kuambaa pwani ya Tunisia.

Lakini nikipima, naegemea msafara, na sababu ni tukio la safari hiyo hiyo ya Malta. Waimarama, meli nyingine ya msafara, ililipuka mbele ya Melbourne Star, bahari ikawaka petroli. Mabaharia 36 wa Melbourne Star walijirusha majini wakidhani meli yao imepigwa. Manowari Ledbury iliingia kwenye moto ule kuokota watu.

Hesabu ya mbio ilipima uwezekano wa kupigwa. Saa za baada ya kupigwa haikuzipima. Karibu na Bermuda meli ilizama kwa dakika chache, na hapakuwa na jicho la kuona. Wale 4 walikaa juu ya chelezo siku 38, mpaka ndege ya majini ya Marekani ilipowaona.