Moshi wa Kuchomelea Vyuma Mtwara: Kupima Kwanza au Kukinga Kwanza?

Fundi anayechomelea geti mjini Mtwara huiinamia kazi, moshi ukampita puani kabla haujatawanyika. Moshi huo una manganizi, metali inayodhuru ubongo kwa anayeivuta miaka mingi. Bomba la mabati hutoa zinki, na jioni homa humpanda. Chuma kisichoshika kutu hutoa kromiamu yenye kuleta saratani ya mapafu.

Wanaotaka hewa ipimwe kwanza, kabla ya kinga, wana hoja nzito. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanapendekeza chembe laini za manganizi zisizidi miligramu 0.02 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Pua haiwezi kukitambua kiasi hicho. Ndiyo maana mfanyakazi hufungwa pampu ndogo kiunoni, mrija ukapanda hadi kwenye kola, na kichujio kikakaa karibu na pua. Pampu ikivuta lita 2 za hewa kwa dakika, baada ya saa 8 imepitisha lita 960, kisha kichujio huenda maabara kupimwa kilichonasa. Mwajiri hawezi kubishana na namba hiyo kama anavyobishana na kikohozi, na anayedai fidia anapata pa kushika.

Wanaopinga nao hawakurupuki. Kipimo cha siku moja, tena kusi likivuma, kitasema hewa ni safi. Rudi Oktoba, fedha za korosho zinapoanza kuingia na watu wakaagiza mageti na grili, fundi akachomelea ndani hadi usiku. Namba itakuwa nyingine kabisa. Isitoshe, karakana ya fundi mmoja na vijana wawili italipaje maabara?

Kwa karakana hizo, mimi nasema kinga itangulie. Madhara yanajulikana tayari. Tangu 2017 moshi huu umo katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa kimataifa. Kazi itolewe nje, upepo upite ubavuni, zinki ikwanguliwe kabla ya kuchoma, na inunuliwe barakoa ya kuchuja chembe badala ya kufunga kitambaa. Maziwa wanayokunywa vijana wengi baada ya kazi hayasafishi mapafu, na inauma kuona wanavyoyategemea.

Viwandani na bandarini ni habari nyingine. Huko fedha ipo, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 ipo. Wapime, wafunge feni za kunyonya moshi, kisha wapime tena waone kama zinafanya kazi. Pampu avae kibarua anayechomelea ndani ya tangi, siyo msimamizi aliye mlangoni, na majibu asomewe yeye mwenyewe, kwa Kiswahili.