Pauling, sikoseli na alama ya kwenye paji la uso

Wiki tatu zilizopita binti ya shangazi yangu na mchumba wake walienda kwa mchungaji wao hapa Fort Portal ndoa yao itangazwe, wakaambiwa kwanza walete karatasi za damu, ya HIV na ya sikoseli, yani ile Watanzania wanaita selimundu. HIV wakatoka salama. Sikoseli wote wawili wakatoka AS, yani kila mmoja kabeba jeni moja ya sikoseli na moja nzima, mwenyewe haumwi. Jioni hiyohiyo wazee wakakaa na nusu ya kikao ikasema ndoa ife palepale. Mi nilikuwa nimeshika ile karatasi, ndogo kama risiti ya duka, herufi mbili kwa biro ya bluu, nikawa namfikiria mtu aliyetufikisha kwenye hizo herufi, maana yeye alishawahi kulijibu swali la kikao chetu, kama wawili wa AS waoane, na jibu lake linanisumbua hadi leo.

Huyo ni Linus Pauling, Mmarekani aliyezaliwa Portland, Oregon, 1901. Hakuwa daktari, alikuwa mtu wa kemia. 1926 alienda Ulaya kujifunza fizikia ya kwantamu ikiwa bado ya moto, akakaa Munich, Ujerumani, kwa mwanafizikia Sommerfeld, akarudi California na swali la kwa nini atomu zinashikana vile zinavyoshikana. 1931 akaeleza kwa hesabu za elektroni kwa nini kaboni inatoa mikono minne iliyo sawa, mwaka uliofuata akatoa skeli ya atomu gani inavuta elektroni kwa nguvu zaidi, ambayo watoto wa S5, yani kidato cha tano, hapa bado wanaikariri. Nobeli ya kemia akapewa 1954.

Kwenye damu aliingia kwa mlango huohuo. 1936 yeye na Charles Coryell walionyesha kwamba himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ikiwa na oksijeni inasukumwa kidogo na sumaku, isiyo na oksijeni inavutwa. Kwa hiyo 1945 aliposikia kwa daktari William Castle kwamba chembe za sikoseli zinajikunja pale oksijeni inapopungua, akahisi haraka kwamba ubovu hauko kwenye chembe, uko kwenye molekuli yenyewe. Maabarani kazi kubwa ilifanywa na mwanafunzi wake Harvey Itano. Wakaipitisha himoglobini kwenye umeme, ya mgonjwa ikatembea tofauti na ya asiye na ugonjwa, ya mtu wa AS ikagawanyika makundi mawili. Ikachapishwa kwenye jarida la Science 1949, na kipimo cha umeme cha namna hiyo ndicho kinachotumika maabara nyingi mpaka leo. Mwaka huohuo watafiti Lehmann na Raper walichapisha kazi yao ya Uganda, na kwa kabila la Baamba wa Bundibugyo, ng'ambo tu ya mlima huu wetu wa Rwenzori, walikuta karibu watu 45 kwa kila 100 wana AS.

Sasa jibu lake. 1968 Pauling aliandika kwamba kila kijana mwenye jeni ya sikoseli achorwe alama kwenye paji la uso, ili wawili wenye alama wakionana wajue wasipendane, na sheria ilazimishe watu kupima kabla ya ndoa.

Kabla ya kumtukana, mi nimelala wodini na mtoto wa kaka yangu alipokuwa na miaka 2, vidole vimevimba kama ndizi zile ndogo za sukari, analia mpaka sauti inakwisha alafu analia bila sauti. Wawili wa AS kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto wa hivyo. Pauling alikuwa anafikiria huyo mtoto, na ni huruma ileile iliyompeleka kupinga majaribio ya mabomu ya nyuklia kwa sababu yanaharibu jeni za watoto wasiozaliwa, akapewa Nobeli ya amani ya 1962. Wazee wetu pia hawakuongea kwa ubaya, shangazi mmoja pale kazika wawili.

Lakini hiyo alama Bundibugyo ingekuwa kwenye uso wa karibu nusu ya watu. Na jeni yenyewe si uchafu tu: 1954 daktari Allison alitoa hesabu za watoto 290 wa Kiganda, wenye AS 43, malaria ikaonekana kwenye damu ya 12, wengine 247, ikaonekana kwa 113. Yani AS inapunguza malaria, ndiyo iliyowavusha mababu zetu. Ninachoshindwa kabisa kumwelewa ni kwamba Itano, mtu wake mwenyewe, aliwahi kufungiwa kambini wakati wa vita kwa sababu tu ya asili yake ya Kijapani, na bado mzee akaandika mambo ya kuwatia watu alama. Kule Marekani hakuna aliyechorwa, lakini chuo cha jeshi la anga kilikataa wenye AS mpaka 1981. Kuwa sahihi sana kwenye molekuli kulimpa uhakika hata pasipostahili, kama vitamini C aliyoitetea kwenye saratani na majaribio mawili ya hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani, 1979 na 1985, hayakuona faida.

Mi naona kwenye kupima alikuwa sahihi, tena huku kwetu tunachelewa. Utafiti uliotoka 2016 ulikuta watoto wetu 13 kwa 100 wana AS, basi mtu ajue akiwa sekondari, sio wakati kadi za harusi zishachapwa. Alipokosea ni kwenye nani ashike hayo majibu. Mchungaji aombe uthibitisho kwamba wamepima na wameshauriwa, herufi zibaki kwao. Na mtoto apimwe akizaliwa, na haidroksiyurea, dawa ya sikoseli, ipatikane kwenye senta za afya za vijijini, kwa sababu ndoa za AS zitaendelea tu, wengi wala hawapiti kanisani.

Kikao kiliisha saa nne usiku bila uamuzi. Asubuhi dada alikuja kwangu akachukua karatasi yake, akaikunja, akaweka kwa pochi, akaniambia Jumanne wanaenda wawili kwa nesi wa ushauri na hataki mtu wa kumsindikiza.