Foleni ya Arusha: gari tunalilipia, kuziba njia ni bure

Kila bajeti ikikaribia, na kila mtu akikwama mataa ya Sanawari akiingia mjini, ubishi ni ule ule. Kuna wanaosema magari yamezidi, ushuru wa kuyaingiza nchini upandishwe, anayetaka kutembelea gari aisikie bei yake. Kuna wanaosema tozo yoyote ya barabarani ni kumkamua mwananchi ambaye kashakamuliwa, na foleni itabaki pale pale kwa sababu watu lazima waende kazini. Katikati ya makelele hayo ipo hoja ya tatu, ya kumtoza mwenye gari kwa saa na kwa eneo analotumia. Hiyo hutupwa kabla haijasikilizwa, na ndiyo ninayotaka kuijadili.

Gharama za kumiliki gari hazina utata mkubwa. Ukiagiza Noah iliyotumika kutoka Japan unakutana na ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na kama ina umri wa zaidi ya miaka 10, asilimia 30 nyingine ya ushuru wa bidhaa kwa uchakavu. Bila mzigo huo magari yangekuwa mengi zaidi, hilo halibishaniwi. Tatizo linaanza gari likishavuka geti la bandari. Mtu aliyeuza kiwanja ili alikomboe hataliacha nyumbani apande kifodi, daladala zetu za Arusha. Kadiri lilivyomgharimu ndivyo atakavyotaka lirudishe fedha yake, atalipanda hata kwenda dukani.

Singapore waliligundua hilo zamani. Huko kibali tu cha kumiliki gari, kinachodumu miaka 10, kinauzwa kwa mnada, na Oktoba 2023 kibali cha magari makubwa kilifika dola 150,001 za Singapore. Hiyo ni bei ya karatasi, gari bado. Hata hivyo mji huo haukutegemea kibali peke yake. Ulishaanza kutoza magari yanayoingia katikati ya mji tangu 1975, miaka 15 kabla ya vibali hivyo, na mwaka 1998 ukafunga mitambo inayokata fedha yenyewe kulingana na saa.

Sisi tulielekea kwingine. Juni 2017 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alifuta ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, na badala yake ushuru wa bidhaa kwenye petroli, dizeli na mafuta ya taa ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Wenye magari tulishangilia, na tulikuwa na haki. Ada ile ilidaiwa hata kwa gari lililokaa juu ya mawe miaka mitatu, na faini zikalimbikizana. Asiyetembea asilipe, ni jambo la akili.

Lakini ifuate ile shilingi 40 uone inakoishia. Mwenye mashine ya kusaga Ngaramtoni, anayewasha injini ya dizeli umeme ukikatika, analipa. Mkulima wa vitunguu Mang'ola anayevuta maji kwa pampu analipa, na pampu yake haijawahi kugusa lami. Bibi wa koroboi analipa. (Mafuta ya taa yaliongezwa ili wachakachuaji wasipate mwanya, sababu inaeleweka, ila bibi hakuchakachua kitu.) Sasa mtazame mwenye V8 anayesimama Sokoine Road saa kumi na moja jioni, upande wa kushoto, kazima injini, kawasha taa za hatari, anasubiri chipsi zikaangwe. Njia imebaki nusu. Nyuma yake kuna vifodi vitano vimejaa, bajaji zinapenya kandokando ya barabara, trafiki anapiga filimbi. Kwa dakika zote hizo, injini ikiwa imezimwa, kodi ya mafuta haimgusi hata kidogo. Yeye ndiye foleni, na yeye ndiye asiyelipa.

Lita ni lita. Bei kikomo inayotangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, ni ile ile kwa anayetoka Usa River saa kumi na moja alfajiri, barabara ikiwa nyeupe, na kwa anayeingia saa moja na nusu wakati kila mtu anapeleka mtoto shule. Kwa hiyo haimpi mtu sababu yoyote ya kubadili muda wala njia. Mwaka 2022 petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita na bado Kijenge watu walikaa wakitazamana. Na Desemba sihitaji kueleza: bei iwe yoyote, Wachaga watapanda kwenda kula Krismasi nyumbani, na barabara ya Moshi itajaa magari ya Dar.

Mfano unaonishawishi kuliko yote ni wa Stockholm, kwa sababu waliwasha, wakazima, wakawasha tena. Kuanzia Januari hadi mwisho wa Julai 2006 walijaribu kutoza magari yanayoingia na kutoka katikati ya mji, bei ikiwa kubwa zaidi saa za msongamano. Wananchi wengi walikuwa wanapinga. Magari yanayovuka mpaka wa eneo hilo yakapungua kwa takribani asilimia 20. Jaribio lilipoisha, sehemu kubwa ya magari ikarudi. Septemba wakapiga kura, wakazi wa mji wakakubali kwa kura chache za ziada, na Agosti 2007 tozo ikarudi, magari yakapungua tena.

Asilimia 20 inasikika ndogo. Ukitaka kujua maana yake, pita barabara ya Njiro wiki ambayo shule zimefungwa. Wafanyakazi ni wale wale, maduka yamefunguliwa, vifodi vipo, yameondoka magari ya wazazi tu, na mji unapumua. Foleni haihitaji nusu ya watu wabaki nyumbani. Inahitaji wachache, wale ambao safari yao ingeweza kusubiri saa moja.

Na anayeumia zaidi na foleni ni nani? Dereva wa kifodi ana hesabu ya bosi kila jioni, iwe barabara ilipita au haikupita. Tuseme kwa siku anapiga tripu kumi. Foleni ikimlia mbili, hizo mbili ndizo zilizokuwa zake, kwa sababu nane za mwanzo ni za mafuta na bosi. Ndiyo maana anakatisha ruti, anajaza watu wanne kwenye kiti cha watatu. Abiria wake hana gari, hana anachokwepa, na muda wake unaliwa kila siku. Hiyo nayo ni tozo, tena haiingii hazina yoyote. Anayesema kutoza magari binafsi kunamwonea maskini anieleze kwanza maskini huyu yuko kwenye gari lipi.

Wapingaji hawasemi upuuzi, hata hivyo. London ilianza mwaka 2003 kwa pauni 5 kwa siku, magari yakapungua na msongamano ukashuka kwa karibu asilimia 30. Miaka mitano baadaye magari yalikuwa bado machache, lakini mwendo ulikuwa umerudi karibu na wa zamani, kwa kuwa barabara zilichimbwa kwa ajili ya mabomba na nafasi kubwa ikapewa mabasi na waenda kwa miguu. Kwetu, stendi, magari ya watalii, toyo za mizigo na biashara za kandokando zimebanana eneo moja, na tozo peke yake haiwezi kuvitenganisha. London na Stockholm pia waliongeza mabasi. Hapa kifodi kinaondoka kikijaa. Halafu kuna kumbukumbu ya tozo za miamala ya simu za mwaka 2021, zilizolazimika kupunguzwa kwa asilimia 30 ndani ya miezi michache baada ya watu kulalamika. Mtu akikuuliza fedha ya tozo mpya itaenda wapi, hana ukorofi, ana kumbukumbu.

Ila wapingaji wanachanganya vitu viwili. Tozo ya kulipia ujenzi inataka magari mengi yapite ili deni liishe. Nairobi Expressway, kilomita 27, ni ya namna hiyo: mwenye fedha anapita juu, na wa Mombasa Road chini anabaki na foleni yake. Ukiiweka tozo kama hiyo kwenye barabara yetu ya mchepuko, kilomita 42 zilizojengwa ili malori yasipite mjini, malori yatarudi Sakina kesho yake. Mchepuko ubaki bure. Panapopaswa kulipiwa ni pale panapoziba.

Kamera za London hatuzihitaji kuanza. Ushuru wa maegesho upo tayari, namba ya malipo inatoka kwenye mashine ya kijana aliyesimama kando ya barabara. Bei yake ipande kati ya Mnara wa Saa na Soko Kuu saa za jioni tu, mitaa ya pembeni ishuke au iwe bure. Muuguzi wa Moshono anayeingia zamu ya usiku Mount Meru asiguswe. Anayesimama njiani na taa za hatari atozwe kuliko aliyeegesha vizuri. Fedha itakayopatikana ijenge vituo vya vifodi nje ya njia, watu waione mwaka huo huo, kabla wageni wa AFCON 2027 hawajaja. Na magari yahesabiwe kwanza, wiki moja shule zikiwa zimefungwa na wiki moja zikiwa wazi, pale Sanawari na pale Kijenge. Stockholm walihesabu kabla, wakati wa jaribio na baada yake, na kwenye kura waliokuwa wanabisha walikuwa na namba mkononi.