Chembe ya olivini na swali la ilikotoka

Maikroprobu ni mashine inayolenga mwale wa elektroni kwenye doa la kama sehemu moja kati ya elfu ya milimita na kusema madini yaliyo hapo yana nini ndani yake. Haisemi kiasi kwa uhakika, hata hivyo, mpaka uipe kwanza sampuli rejea, yaani jiwe la mizani. Wengi wanaoitumia wanaona jedwali la namba za sampuli hiyo linatosha. Wachache wanataka kujua pia ilichimbwa wapi, nani aliipima na kwa njia gani. Hao wachache huchukuliwa kama makarani wapenda makaratasi, na nadhani wanaonewa.

Chukua olivini, madini ya kijani yenye silika, magnesiamu na chuma, ya San Carlos, Arizona, ambayo makumbusho ya Smithsonian huigawa kwa namba 111312. Jedwali la Jarosewich, mkemia wa Smithsonian, na wenzake la mwaka 1980 linaipa silika asilimia 40.81, magnesiamu oksidi 49.42, chuma oksidi 9.55, manganizi oksidi 0.14 na nikeli oksidi 0.37. Jumlisha: 100.29. Ile 0.29 iliyozidi inakukumbusha kwamba namba hizi zilitoka mikononi mwa mkemia. Unga wa chembe nyingi uliyeyushwa, ukachujwa, ukapimwa kwenye mizani hatua kwa hatua. Kwa hiyo ni wastani wa chembe nyingi. Ila iliyoko kwenye kidonge chako cha gundi ngumu, kile unachokiingiza kwenye mashine, ni chembe moja, ya kijani, kama punje ya sukari, na hakuna mkemia aliyewahi kuiyeyusha hiyo.

Olivini ya San Carlos imo ndani ya vipande vya mwamba vilivyopandishwa na lava kutoka kina kirefu, na vipande hivyo havifanani kwa kiasi cha chuma. Eneo hilohilo hutoa vito vya peridoti, yaani olivini ya vito, vinavyouzwa madukani. Wapo wanaovinunua, wakavisaga, wakaviandikia namba za Smithsonian kwa sababu jina la mahali ni moja. Tuseme chembe ya dukani ina chuma oksidi 9.00 nawe umeiandikia 9.55. Kuanzia hapo kila olivini utakayopima itaongezewa chuma kwa asilimia sita, wakati mashine ikihesabu vizuri hukosea chini ya asilimia moja. Olivini yenye 12.00 itasoma 12.73. Jumla yake itatoka 100.7 badala ya 100, na hakuna atakayeshtuka. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote: kosa la asili ya sampuli linapita kwenye ukaguzi wetu wa kila siku bila kugusa kengele.

Upande wa pili una hoja, na si nyepesi. Wanasema tukuze fuwele safi maabara, kwa sababu fuwele ya namna hiyo cheti chake ni fomula yake. Hesabu za masahihisho za siku hizi zinaweza kukuvusha kutoka sampuli rejea ya magnesiamu oksidi safi hadi kupima olivini. Tena sampuli za zamani zinapungua, na maabara isiyo na fedha heri ipime kwa ilicho nacho kuliko kufunga mlango. Hili la mwisho nalikubali kabisa.

Lakini hata fuwele ya maabara ina mahali ilipozaliwa. Fosfati za elementi adimu (seriamu na wenzake) zilizokuzwa katika maabara ya Oak Ridge, Tennessee, na kutangazwa na Jarosewich na Boatner mwaka 1991, zilitumika kwa miaka kana kwamba fomula yake ndiyo kila kitu. Mwaka 2003 Donovan na wenzake, Jarosewich na Boatner wakiwemo, walizipima upya wakakuta metali ya risasi ndani ya baadhi yake. Ilitoka kwenye kiyeyusho: fuwele zilikuzwa ndani ya fosfati ya risasi iliyoyeyuka. Kwa waliozikuza haikuwa siri, ila habari hiyo haikusafiri pamoja na punje mpaka kwa mtumiaji. Matokeo yake, katika fosfati ya seriamu, seriamu iliyomo ni pungufu ya inavyosema fomula, na anayepima monazaiti, madini ya fosfati yenye seriamu, kwa punje hiyo atapata seriamu iliyozidi.

Na kufuatilia asili kunawezekana bila gharama ya kutisha. Olivini mpya ya rejea iitwayo MongOL Sh11-2, iliyotangazwa mwaka 2019 na Batanova na wenzake, ilitolewa sehemu ya katikati ya jiwe moja kubwa la Shavaryn-Tsaram, Mongolia, na kupimwa na maabara kadhaa kwa njia tofauti. Ukishika punje yake unajua imetoka jiwe lipi.

Kwa hiyo anayetuma mawe ya volkano ya Lashaine, kaskazini mwa Tanzania, yakapimwe ng'ambo, asiridhike na jedwali la matokeo peke yake. Aombe pia namba kamili ya sampuli rejea, nani aliigawa, na mchoro wa kidonge unaoonyesha mwale ulilengwa kwenye chembe ipi.