Twisheni ya jioni iwaachie watoto nafasi ya kucheza

Naunga mkono wazo kwamba kwenye masomo ya ziada ya jioni, yaani twisheni, utengwe muda wa michezo. Hapa Dar mtoto anatoka darasani saa tisa, anaingia twisheni mpaka karibu na magharibi. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku, ya wastani hadi makali. Atazipata saa ngapi?

Walimu wetu, msisubiri bajeti ya vifaa. Mchezo wa rede unataka mpira wa soksi, chupa tupu na mchanga basi. Aliye kati anajaza chupa huku akikwepa mpira: anachuchumaa, anachota, anaruka, anakimbia. Mtoto asiyegusa soka kabisa utamkuta kwenye rede hataki kutoka. Na hapo ndipo penye uzito kwangu, maana shule nyingi uwanja ni wa wale wachache wanaoandaliwa kwa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, wengine kazi yao kushangilia. Wasichana wa darasa la sita na la saba ndio wanaoachwa zaidi, wakishaanza kuona aibu. Wapeni kamba, netiboli, na mwalimu wa kike wa kucheza nao.

Adhabu ya kuzungushwa uwanja nayo ikome, inawafanya wachukie kukimbia. Wazazi wenzangu, tuwafungashie nguo za kubadilisha na maji ya kunywa, tusiwagombeze wakirudi na vumbi.