Daktari aliyesema "usiuze mikorosho" hana roho mbaya

Kwenye magrupu yetu ya Mtwara na Lindi kuna mchango unazunguka wa mtoto wa miaka minne, alipata kiharusi siku za mwanzo tu baada ya kuzaliwa na mkono wa kulia haumtii mpaka leo. Baba mtu anataka kuuza shamba la mikorosho ampeleke nje akawekewe seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine), daktari kamwambia bado usiuze, basi anatukanwa huyo daktari utadhani kaiba mchango.

Wanaosema aende hawajaitunga hii habari. Uholanzi, kule Utrecht, vichanga 10 wenye kiharusi walipewa seli shina kwa matone ya puani, mara moja tu, seli kama milioni 45 hadi 50, ripoti ikatoka 2022 na hakuna aliyepata madhara makubwa zaidi ya mmoja homa kidogo ikapita. Hakuna kupasua wala nini. Mzazi akisoma hivyo lazima moyo umdunde.

Ila soma tena. Watoto 10, hakuna kundi la kulinganisha, walikuwa wanapima usalama sio kupona, na walipewa ndani ya siku 7 tangu dalili zianze, jeraha likiwa bado bichi. Yani kliniki ya huko nje inachukua habari ya kichanga wa wiki moja inamuuzia mtoto wa chekechea!

Na kuna hii namba hainiachi. Watoto waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa (sio kiharusi, ila ni ubongo uleule) Ulaya wanapozwa mwili siku tatu na inawasaidia kweli, ilishathibitishwa. Ikapelekwa India, Sri Lanka na Bangladesh, watoto 408, majibu yakatoka 2021: waliopozwa walikufa asilimia 42, ambao hawakupozwa 31. Hospitali zilikuwa na vifaa na wataalamu, sio mchezo mchezo. Tiba ileile, sehemu nyingine, ikaua zaidi. Sasa kama iliyothibitishwa inaweza kugeuka hivyo, hii ambayo bado inapimwa tunaiuzia shamba kwa ujasiri gani?

Watu wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, nao walijaribu seli kwa watoto wakubwa kidogo wenye mtindio wa ubongo, 2017, waliopata dozi kubwa wakaonyesha nafuu, lakini ilikuwa damu ya kitovu chao wenyewe iliyohifadhiwa tangu kuzaliwa. Nani Masasi au Nachingwea ana kitovu kwenye friza?

Daktari alichomwambia baba ni mazoezi, ule mkono mzima unavalishwa soksi kila siku kwa muda fulani ili ule dhaifu ulazimike kuokota vifuniko vya soda mwenyewe. Hilo lina ushahidi, ila halina video nzuri ya kusambaza, na nauli ya kwenda kliniki ya mazoezi kila wiki kutoka kijijini inauma. Mimi ule mchango ningeuelekeza hapo kwenye nauli.

Na hata matone yakifika kesho Mitengo, hospitali yetu ya kanda Mtwara, kichanga wa siku ya pili mkono mmoja ukicheza peke yake, ambayo yaweza kuwa ndiyo dalili ya kiharusi, huku bado tunasema degedege, anapelekwa kwanza kwa mganga, siku 7 zinaishia njiani.