Acton alikuwa akiwasema waandishi

Uchaguzi ukikaribia, nukuu ya Lord Acton, mwanahistoria wa Uingereza wa karne ya 19, hurudi kwenye statasi za watu: madaraka huelekea kumharibu mtu, na madaraka yasiyo na mipaka humharibu kabisa. Anayeiweka huwa anamlenga aliye ikulu. Lakini ukiisoma barua yenyewe, utaona anayekaripiwa ni mwandishi wa historia.

Acton aliiandika tarehe 5 Aprili 1887 kwenda kwa Mandell Creighton, padri wa Kianglikana aliyekuwa akiandika historia ya mapapa. Acton, Mkatoliki, alikuwa amevichambua vitabu vyake kwa ukali, akimlaumu kwa kuwalegezea kamba mapapa wa karne ya 15! Uchambuzi huo ulipelekwa kwenye jarida ambalo mhariri wake alikuwa Creighton mwenyewe, naye akauchapisha. Wahariri wa aina hiyo sijui wamebaki wangapi.

Katika barua, Acton anakataa katakata kwamba papa na mfalme wapimwe kwa mizani tofauti na watu wengine. Anamwambia Creighton: mtu asiye na cheo ungemnyonga, ila Malkia Elizabeth wa Kwanza, ikiwa ni kweli alimtaka mlinzi wa gereza amuue Mary, malkia wa Waskoti aliyekuwa mfungwa wake, unamwachia. Mimi, anasema Acton, ningewanyonga wote. Kabla ya hapo kuna sentensi ninayoipenda kuliko ile maarufu: hakuna uzushi wa kidini mbaya kuliko kuamini kwamba cheo humtakasa mwenye cheo.

Hiyo ndiyo ingestahili kubandikwa kwenye kuta za vyumba vya habari. Mkubwa akifariki, tunaandika tanzia kana kwamba hakuwahi kumkosea mtu. Waliofungwa enzi zake hawapati hata aya moja. Tunasema marehemu hasemwi vibaya. Kwa jirani, sawa. Kwa aliyeshika dola, Acton angesema tumeshiriki makosa yake.

Naye Acton asiachwe. Novemba 1866 alimwandikia Jenerali Robert E. Lee, aliyeongoza jeshi la majimbo ya Kusini mwa Marekani yaliyopigania kubaki na utumwa, akisema anaomboleza kilichopotea Richmond, mji mkuu wa majimbo hayo, kuliko anavyofurahia kilichookolewa Waterloo, Napoleon aliposhindwa. Alivutiwa na haki za majimbo dhidi ya serikali kuu. Watumwa hawakumkaa moyoni kiasi hicho. Wanaomnukuu hawaigusi barua hiyo. Mimi ningezichapa zote mbili ukurasa mmoja.